Vinyweleo vya Mtafsiri

Mtafsiri wa filamu katika banda la video la Buzuruga hupima filamu kwa mkono wake wa kushoto: vinyweleo vikisimama, ni nzuri. "Hii imevunja rekodi ya mauzo dunia nzima, kaka," Odeta, mkata tiketi, alimsihi akimwonyesha filamu mpya. Tajiri mwenye banda alishaapa kulifunga lisipojaa.

"Vinyweleo vyangu havisomi magazeti, dada." Akaweka aipendayo yeye. Hakuingia mtu. Akashika maikrofoni akatafsiri vilevile, sauti ikikwaruza kama injini ya mtumbwi wa dagaa, akinyamaza kila penye kichekesho ili watu wacheke. Odeta akachungulia amwambie aache kujiaibisha. Mabenchi yalikuwa matupu, lakini kicheko cha watu wengi kikalipuka humo humo.

"Si limejaa?" mtafsiri akauliza bila kugeuka.

Odeta akatazama mkono wake mwenyewe. Vinyweleo vilikuwa vimesimama vyote.