Jina Likiwapo, Yupo

Walimu wapya walipoletwa kwenye shule moja hapa Garsen kufundishwa kusomesha watoto kwa mtandao, mimi ndiye niliyewachemshia chai. Walikuwa kumi na wawili, na mmoja wao ni binti yangu. Kwetu hakuna aliyewahi kuitwa mwalimu kabla yake. Mimi niliishia darasa la nne. Kusoma najua, kuandika ni kwa kujikokota, kama mnavyoona.

Mafunzo yenyewe yalikuwa na maana, sikatai. Mto ukifurika barabara hukatika, na watoto hukaa kambini kule mwinukoni miezi bila mwalimu. Mfadhili akatoa simu thelathini wapewe watoto wasomee huko huko. Simu zikakabidhiwa naibu mwalimu mkuu. Hapo moyo wangu ukakataa.

Jina lake siandiki, cheo chake nakiandika: naibu mwalimu mkuu. Ndiye aliyeshika orodha siku mashua ilipokuja kuokoa watoto wa kijiji chetu. Alisimama kwenye tuta na kalamu yake, akitia tiki. Kitinda mimba wangu, wa miaka tisa, alikuwa amerudi nyumbani kufungua mbuzi. Jina lake likatiwa tiki. Mwenye mashua, aliyenisimulia mwenyewe, aliuliza, "Kuna mtoto amebaki?" Naibu akamwambia, "Hakuna, wote wako hapa." Mashua ikaondoka. Mimi nilikutwa kesho yake juu ya paa la ghala shambani. Mwanangu alionekana siku ya nne, kwenye matete.

Tangu siku hiyo mtu akinionyesha orodha namuuliza, watu wenyewe wako wapi?

Mkufunzi alitoka Hola, kijana mpole, shati limepigwa pasi. Siku ya kwanza naingia na birika namsikia akisema: "Mwanafunzi akizima kamera msimlazimishe, bando ni ghali. Jina likiwapo kwenye skrini, yupo." Wote wakainama wakaandika. Na binti yangu akaandika.

Jioni tukipeta mchele nikamwuliza, "Hebu niambie, mwanangu. Utajuaje kama nyuma ya jina kuna mtu?"

"Nitauliza swali, mama, atajibu."

"Asipojibu?"

"Basi mtandao umekwama."

"Na kama hayupo kabisa?"

Akacheka. "Mama, wewe hata mvua waishuku. Siku moja utaiuliza imetumwa na nani."

"Nikiiuliza nina sababu."

Nikamkumbusha neno nililofunzwa na mama yangu, nami nikawafunza wao: mtu akikuita kutoka ng'ambo ya mto, uso wake humwoni, usiitike mpaka aseme ni mtoto wa nani na shamba lao lapakana na la nani.

"Aka, mama! Hayo ni ya mtoni."

"Na hiyo simu yenu si ng'ambo?"

Alipeta mchele mpaka ukaisha.

Ikafika siku ya majaribio. Kila mwalimu asomeshe kipindi kimoja huku mkufunzi akitazama, kisha aandike kwenye fomu amesomesha watoto wangapi, naibu apige muhuri. Bila muhuri hakuna kupangiwa shule. Majina ya watoto yaliangazwa ukutani, meupe kwenye weusi, hakuna hata uso mmoja. Mwalimu wa kwanza aliuliza, "Tuko pamoja?" halafu akajijibu mwenyewe, "Tuko pamoja." Mwenzake akatania, "Watoto hawa wametulia kuliko makaburi," wakacheka, naibu akacheka kuwashinda.

Zamu ya binti yangu ilipofika nikasimama mlangoni na birika. Alianza vizuri, nusu na robo, akikata chapati yangu kwa kisu mbele ya kamera. Mimi nikawa nasoma majina ukutani, polepole, ninavyosoma. Mstari wa tatu nikamkuta mwanangu. Jina lake, la baba yake, la babu yake. Hakuna mwingine mwenye majina hayo matatu duniani.

Birika likagonga mlango. Binti yangu akageuka kunitazama, akayafuata macho yangu hadi ukutani. Kisu kikabaki hewani.

"Endelea, mwalimu," mkufunzi akasema.

Akaweka kisu chini. Akalitamka jina la ndugu yake lote, kama mtu anayeita kutoka ukingoni, kisha akauliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Kimya.

"Kila mmoja aniambie ni mtoto wa nani, na jirani yenu ni nani."

Naibu akainuka. "Mwalimu, wapoteza muda. Mtandao wa hapa twaujua sote."

Ndipo sauti ndogo ikatoka: "Mimi ni mtoto wa mama muuza viazi, jirani yetu ni fundi baiskeli." Ikaja ya pili, ya tatu, ya nne. Mkufunzi akahesabu mpaka dakika zikaisha, hakuna ya tano. Akaomba aonyeshwe kabati la simu. Naibu akasema ufunguo umebaki nyumbani. Mfagiaji wa ofisi aliniambia baadaye jikoni: simu ishirini na sita ziko humo, zimewashwa, sauti zimezimwa. Majina naibu aliyatoa kwenye rejista ya kabla ya mafuriko. Hakusumbuka hata kuwaondoa wafu.

Mkufunzi alisema ataripoti. Mimi sijaona ripoti.

Binti yangu aliandika kwenye fomu: wanne. Naibu akakataa kupiga muhuri. Wenzake wote wakapangiwa shule, hadi Tarasaa, yeye akakaa nyumbani. Baada ya wiki mbili naibu akaituma fomu mlangoni kwetu ndani ya bahasha safi. Muhuri umepigwa. Ile nne imefutwa kwa wino mweupe, juu yake pameandikwa thelathini.

Nakiri, mimi nilitaka aipeleke. Nilimwambia, "Mwanangu, chukua. Huyo mtu amekwisha kutula, nasi tumle."

Akaishika muda mrefu. "Mama, nikiipeleka hii, nimemtia ndugu yangu tiki tena."

Akakwangua wino mweupe kwa ukucha mpaka ile nne ikatokea, karatasi ikatoboka kidogo. Fomu iliyokwanguliwa haipokelewi popote, alijua. Akairudisha ndani ya bahasha, akaniachia mimi niiweke.

Saa tisa simu yake ikalia. Ni wale wanne. Huwasomesha barazani kwangu, bando ananunua mwenyewe. Akaiegemeza kwenye kinu, na kabla ya kusema habari zenu akauliza ni watoto wa nani. Nikaacha kutwanga nisikilize wakijibu.