Jogoo Niliyemchora Mara Mbili

Wenzangu, kosa ni langu na sitamsukumia mtu. Jina nalificha, kwa sababu Baraka ni mji mdogo wa kando ya ziwa na mkono wangu unajulikana kwenye kila duka.

Mimi ni mchoraji. Herufi nilifundishwa na mapadri. Nilianza na magunia ya pamba, nikaja vibao vya maduka, kisha mashua. Mteja akija, namchorea kwanza kwa makaa juu ya karatoni, kipande cha boksi. Akipenda, ndipo nafungua rangi.

Ramazani alikuja akitaka alama ya mashua yake, ile ya kuvusha watu na mihogo kati ya Baraka na Ubwari. Nikamchorea jogoo, nikamwambia rangi itakuwa nyekundu. Akamtazama sana, kisha akasema, "Fundi, acha mi niende naye kwanza."

Aende naye wapi? Sikumuuliza, nilimeza tu.

Siku nne zikapita, akarudi. "Iko muzuri, lakini ongeza ukubwa." Nikaongeza, akaondoka na karatoni tena. Akarudi: "Shingo inyooke." Safari ya tatu akataka mkia uwe mweupe na mrefu, na hapo kwenye karatoni nikaona mstari wa makaa ambao si wa mkono wangu. Mtu mwingine alikuwa amegusa kazi yangu!

Mimi ni mtu wa kushuku, hata mke wangu ananisema. Huko Swima kulikuwa na mchoraji aliyewahi kuninyang'anya wateja, na nilisikia kwamba Ramazani hutia nanga huko mara kwa mara. Nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako. Huyu anampelekea adui yangu jogoo wangu, ili huyo ndiye amchoree mashua.

Ningeuliza neno moja tu: nani amechora huu mkia?

Sikuuliza. Juma lilelile akapita mwenye mashua kutoka mbali kaskazini, anataka alama ya haraka. Nikampa jogoo yuleyule, mkubwa, shingo imenyooka, mkia mweupe. Nilifurahi, sitawadanganya. Nilisema wakiiba sasa, wataiba kitu ambacho watu wameshakiona kuwa changu. Ramazani aliporudi kuniambia nianze, nikamchorea na yeye, nikanyamaza.

Miezi miwili baadaye Ramazani na mdogo wake walitoka Baraka asubuhi, upepo ukawageukia. Kijijini kwao Ubwari watu waliona saa zinapita, wakashusha mitumbwi majini wakawatafute. Mama yao alikuwa amesimama juu ya mawe. Akaona jogoo mwekundu mwenye mkia mweupe anapita mbali, anaelekea kujikinga nyuma ya rasi.

Akawaita watu warudi: "Ile ni mashua ya batoto yangu. Bamefika." Wakaivuta mitumbwi nchi kavu.

Haikuwa mashua yao. Ramazani aliokotwa kesho yake, ameshikilia mashua iliyopinduka. Mdogo wake alichoka akaachilia tangu jioni.

Nilikwenda matangani. Mama yao akanishika mkono.

"Fundi, jogoo yako ilikuwa muzuri. Mi ndiye nilikuwa naomba Ramazani aniletee ile karatoni kila mara, sababu macho yangu haioni mbali. Ile mukia, ni mi nilichora na makaa kwenye kidole, nipate kubajua bakiwa bangali mbali. Sasa ona, macho imenidanganya."

Palepale nilijua aliona mashua gani. Bamama waliokaa naye walimwambia ni mapenzi ya Mungu. Mimi nilikula chakula chao, nikarudi nyumbani bila kumwambia kuna jogoo wa pili.

Kwa uchungu, Ramazani alimkwangua jogoo wangu kwa kisu. Mashua yake haina alama mpaka leo, na mimi kila mteja anayeniomba jogoo namwambia sijui kumchora.

Ninyi wenye kazi za mikono, ukimshuku mteja wako, muulize usoni. Atakasirika, basi na akasirike. Neno nililolimeza mimi limemla mtoto wa watu.

Na wewe unayesoma haya ukiwa Ubwari, kama unamjua mama huyo, yeye hajui kusoma. Kaa naye umsomee. Mwambie macho yake hayakumdanganya, jogoo alikuwapo.