Meza ya Mzee Ayiko

Kulusum binti Fadhul wa Lado. Mjukuu wa askari aliyetembea kutoka Sudani na tarumbeta mgongoni. Binti wa Fadhul aliyechimba kisima kilichonywesha nusu ya mji wetu wa Koboko. Na yeye mwenyewe mwanamke wa kwanza wa kwetu kushika ufunguo wa ofisi, ofisi ya malori ya mizigo ya Oraba na Arua. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta, najua ninachoandika.

Kazi alifundishwa na Mzee Ayiko, Mlugbara wa kijiji cha Aroi, karani wa siku nyingi. Alimwekea vidole juu ya taipu kimoja kimoja, kama mtu anayemfundisha mtoto kula. Mwaka 1974 mwenye malori akamfanya Kulusum mkubwa wa ofisi. Mzee hakununa. Alisema, "Mwanangu amepanda, na mimi nimepanda."

Lakini biashara ikalegea. Spea hakuna, dizeli hakuna, malori yamelala juu ya mawe. Kulusum akaogopa ofisi itafungwa. Ndipo akapita Lukudu, mfanyabiashara wa ng'ambo ya mto Kaya, aliyewahi kuwapikia Wachina waliojenga daraja huko Sudani.

"Mama Kulusum, ofisi yako iko na pumzi mbaya," akasema. "Wachina hapana kaa hivi. Mkubwa anaweka mgongo kwa ukuta, macho kwa mlango. Mbele iko wazi, bahati inapita. Meza mbili kutazamana, hiyo ugomvi."

"Na wewe bahati ilikupitia wapi, mpishi?"

"Kwa tumbo. Si unaniona!"

Wakacheka. Lakini maneno yalimwingia, maana bibi yake naye hakukubali mtu alale miguu ikitazama mlango. Ijumaa akafagia, akafukiza ubani, akasogeza meza. Yake ikapata ukuta nyuma na mlango mbele. Ya Mzee Ayiko haikuwa na pa kwenda, akaielekeza ukuta wa pembeni, mgongo kwa wateja.

Jumatatu Mzee aliingia, akasimama, akatazama kiti chake. Dereva Sule, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akapaza sauti: "Mzee, umekosa nini? Umewekwa kona kama mtoto wa shule!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee akakaa, akafanya kazi mpaka jioni bila kugeuka. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Kulusum akamfuata Aroi na sukari, na sukari wakati ule ilikuwa dhahabu. Akamkuta anapalilia muhogo.

"Mzee, rudi. Ni meza tu."

"Kama ni meza tu, mama, mbona niliyehamishwa ni mimi?"

"Ni mambo ya bahati, Mzee. Wachina wanasema..."

"Wachina hawanijui. Wewe unanijua."

Kulusum angepiga magoti pale pale, yangeisha. Kwao na kwetu mtu mzima huombwa hivyo. Lakini alikuwa mkubwa wa ofisi, amevaa viatu vya kisigino, na udongo ulikuwa tope. Akabaki amesimama. Mzee akaipokea sukari kwa adabu, akamfungia simsim, ule ufuta wa shambani kwake, abebe, akarudi kwenye jembe lake.

Meza aliirudisha ilipokuwa. Hakumruhusu mtu kuikalia, hata karani mpya alitafutiwa nyingine. Malori hayakuongezeka, na habari za bahati sikumsikia nazo tena. "Kesho nakwenda Aroi," alikuwa akisema, na kesho ikazaa kesho, mpaka mwaka 1979 vita vikatufukuza, tukavuka Kaya na watoto na masufuria.

Huko ng'ambo miguu ikamvimba, hatua chache zikawa safari. Siku Madinah, mtoto wa kaka yake, alipofunga mzigo kwenda kuangalia kama nyumba zetu zimebaki, Kulusum akamkamata mkono.

"Usianzie nyumbani. Pita Koboko, nenda mpaka Aroi, umuulize Mzee Ayiko. Ukimwona, piga magoti kabla ya salamu. Sema umetumwa na mimi. Halafu shika jembe, ulime."

"Akinifukuza, shangazi?"

"Lima."

"Na nikikuta amekufa?"

Akatazama miguu yake.

"Ana watoto. Ana shamba. Lima."