Nafasi ya Marahaba

Dada yangu Dorcas alianza chuo akiwa na miaka thelathini na sita, baada ya kukata minofu ya sangara kiwandani Nyakato kwa miaka kumi na mmoja. Harufu ya samaki haikumtoka hata Jumapili. Alisema mtume Petro naye alinuka hivyo hivyo.

Somo alilolipenda ni uandishi. Mwalimu Josephat aliwapa hadithi zinazohusu mashine na mila, kisha akawataka waeleze jinsi chombo kimoja kilivyogusa desturi ya kwao. Dorcas alichagua simu. Mama yetu yuko Nansio na hajui kusoma, kwa hiyo kila alichoandika Dorcas alikisoma kwa sauti, akajirekodi, akamtumia. Kila mara alianza na "Shikamoo mama," akanyamaza kidogo, ndipo akaendelea.

Siku alipowasikilizisha wenzake rekodi mojawapo darasani, Masele aliyekaa nyuma akauliza, "Dada, mtandao umekata?"

Wakacheka. Mwalimu akamshauri aondoe kile kimya.

"Nikikiondoa, mwalimu, mama ataitikia wapi?"

"Lakini wewe humsikii akiitikia."

"Simsikii. Ila yeye anajua ameniitikia."

Mwalimu akamwambia, basi andika hilo hilo. Aliliandika na kulirekodi Jumatano, akamtumia mama. Ijumaa alilazwa, na Jumatatu Mungu akamchukua.

Baada ya mazishi mama alizima simu yake, akaifunga ndani ya kanga na kuiweka sandukuni. Alisema hawezi kusikiliza sauti ya mtoto aliyemzika. Sikumlaumu. Lakini rekodi ile ya mwisho ilikuwa ya mama, naye alikuwa hajaisikia. Kila asubuhi nilimwomba Mungu amfungue moyo, maana mimi sikuthubutu kumgusia.

Siku ya kuanua tanga, tukiwa tunachambua mchele wa wageni, mama akaniuliza bila kuinua macho, "Ile ya mwisho alinisomea nini?"

"Sijui, mama. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Akaenda sandukuni mwenyewe. Nikaiwasha simu, nikaifungua rekodi ile.

"Shikamoo mama."

Mama akafungua mdomo, machozi yakamtangulia. Kimya kikapita na Dorcas akaanza kusoma.

"Simamisha," mama akasema. "Rudisha mwanzo. Sijamwitikia."

Akausogeza ungo pembeni, akafuta uso kwa upindo wa kanga, akakaa vizuri. Nikarudisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Dorcas. Haya, soma."

Na Dorcas akasoma.