Kanuni ya Finjani

Siku ya kwanza kazini, katika chuo kimoja cha Ibra, Oman, nilivaa abaya mpya na viatu vya kunibana. Mkuu wa Idara akanipa karatasi moja tu: watu saba, viti saba, na kanuni zake. Ali akikaa cha kwanza, Hamed hukaa cha pili. Nani yuko wapi? Nilikimaliza kitendawili kile kabla chai yake haijapoa. Alikuwa mtu wa Unguja kama mimi, akanitazama juu ya miwani.

"Kujua wewe si kazi, Bi Zuwena. Kazi ni ajue mwengine."

Ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu: kuwatayarisha vijana kwa mtihani wa kupima akili, ule unaofungua mlango wa masomo ya juu. Kila kanuni ina kichwa na mkia. Kichwa ni sharti, na mkia ni linalofuata. Sharti likitimia, mkia lazima uje. Lakini ukiuona mkia peke yake, usiape kwamba kichwa kimetangulia. Hapo ndipo wanapoanguka wengi, nami nasema bila ya haya kwamba nimewanyanyua wengi.

Nilipohamishiwa kituo cha Nizwa nikampata Thuraya, msichana wa Bahla ambaye wazee wake walirudi kutoka Pemba. Alitaka ualimu, basi. Mtihani ulikuwa umemshinda mara mbili, na ruhusa ilikuwa mara tatu tu. Kosa lake lilikuwa moja: aliisoma kanuni kinyumenyume. Hamed akiwa cha pili, yeye humweka Ali cha kwanza, hata kama hakuna aliyemwambia. Nilichora mishale ubaoni mpaka kalamu zikakauka, na yeye akazidi kukata tamaa.

Wiki moja kabla ya mtihani nikaingia darasani na dele la kahawa. Mila ya huku kila mtu anaijua: mgeni akitikisa finjani, hatiliwi tena. Nikamwambia anitilie. Nikanywa ya kwanza, nikanywa ya pili. Ya tatu dele likatoa matone mawili, likakauka.

"Umeacha kunitilia," nikasema. "Basi nimetikisa?"

"Laa, mwalimu. Kahawa imekwisha."

"Mbona kwenye karatasi wasema nimetikisa?"

Akaliinamisha tena dele juu ya finjani yangu. Kisha akasema polepole, "Lakini nikiwa bado natia, yakini hujatikisa."

Hilo ndilo fundo gumu kuliko yote, kuigeuza kanuni na kuikanusha pande zote mbili, na alilifungua mwenyewe. Machozi yalinitoka. Mkuu wa Kituo akachungulia, akasema hapa si majlis, si baraza ya wageni, ewe mwalimu. Nikamkaribisha akae, ingawa kahawa haikuwapo.

Thuraya alifaulu. Mimi nikapelekwa Sur, nikamalizia huko, nikarudi Ibra kupumzika. Leo darasa langu la Nizwa ni lake.

Siku hizi mkono wangu unatetemeka. Nikenda kwa watu finjani hutikisika yenyewe, mtiaji hupita, nami bado nina hamu na naona haya kusema. Ijumaa iliyopita Thuraya alikuja kunishika mkono na shikamoo yake. Mkwe wangu alikuwa akitia kahawa, akaiona finjani yangu inacheza, akalirudisha dele. Thuraya akalipokea.

"Huo ni mkono tu," akamwambia. "Mwalimu hajatikisa. Sharti halijatimia."

Akanitilia ya tatu.