Majivu ya Maganda ya Matoke

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nilikuwa nasomea kuonyesha kwamba yapo yanayozoleka. Katika maabara moja hapa Kampala nilikuwa naunganisha nyuzi za DNA mbili mbili: ncha zake hujikunja, potasiamu huingia katikati ya mkunjo, nyuzi zikashikana. Ukitia dawa inayoinyakua ile potasiamu, zinaachana, kila moja na njia yake.

Chupa isiyotiwa potasiamu ilipaswa kubaki na nyuzi zilizoachana. Wiki tatu mfululizo zilishikana. Profesa akasema nikishindwa hadi Ijumaa nifunge virago nirudi Kisumu. Nikaitikia, sawa. Mwaka ule nilikuwa nimemzika baba, na hakuna neno lililokuwa likiniingia.

Aliyetuoshea vyombo alikuwa mama mmoja wa Bukavu, mkazi wa Namuwongo. Pale maabara ni sisi wawili tu tuliozungumza Kiswahili. Sabuni ilipokwisha, mwanzoni mwa wiki hizo tatu, alikuja kuniuliza aoshee nini. Sikuinua hata macho. Nikamwambia, "Tumia chochote, mama."

Alhamisi asubuhi nikamkuta kwenye sinki anasugua chupa zangu kwa majivu, anayachota kwenye kopo la maziwa. Majivu ya maganda ya matoke. Majirani walimfundisha, wanang'arishia sufuria. Chupa nazo ziling'aa, haki ya Mungu. Ila majivu yale yamejaa potasiamu.

Profesa akauliza ni nani aliyeleta mambo hayo. Nikasema, "Ni mama wa usafi." Basi. Lile "chochote" langu nikalimeza. Saa sita mchana alikuwa ameshaambiwa asirudi tena. Akavua koti la kazi, akalikunja vizuri, akanipitia mezani.

"Haina mbaya, mtoto yangu," akasema. "Maliza masomo."

Kesho yake nikasuuza chupa kwa maji safi yasiyo na potasiamu, nikarudia kazi. Nyuzi zikakaa mbalimbali. Nikatia potasiamu, zikashikana. Nikaiondoa, zikaachana. Profesa akanipa mkono. Nikaenda kula wali maharage, nikamaliza sahani. Aibu ilikuja miezi baadaye, tena kidogo, na sikuipa kiti.

Leo shahada ninayo, na nafundisha wanafunzi wengine kazi ileile. Kopo lake la majivu bado liko chini ya sinki. Kila mwaka mmoja wao huniuliza ni la nini, nami humwambia aliache hapo hapo. Namba ya simu ya yule mama ninayo. Sijampigia.