Mchezo wa Masalio

Darasani kwangu hapa Goma, kugawanya tulijifunza kwa miguu. Vitabu vilikuwa vichache na ubishi wa watoto mwingi, basi nikabuni mchezo: nikitaja namba, wanakimbia kujipanga makundi ya idadi hiyo. Asiyepata kundi ndiye masalio, au reste, kama watoto walivyosema kwa Kifaransa. Walikuwa arobaini na moja, na arobaini na moja haikugawanyika sawasawa kwa namba yoyote niliyotaja. Kila mara alibaki angalau mmoja. Nilijisifu sana kwa ujanja huo.

Mara nyingi alibaki msichana mmoja mdogo, mzito wa mbio. Hakununa. Aliegemea ukuta akicheka, "Mwalimu, niko reste tena!" Jioni, kwao Munigi, alimchezesha bibi yake hesabu hizohizo kwa maharagwe.

Ndipo bibi akaja shuleni. Hakuja kugomba.

"Mwalimu, kwetu hatuhesabuke batoto," alisema. "Ukibahesabu, mumoja anapunguka. Uhesabu maharagi."

Nilimwitikia kwa adabu, "Ndiyo, mama," na alipotoka langoni nikacheka mbele ya watoto. Kesho yake tukacheza kama kawaida. Mimi na diploma yangu!

Vita vilipofika mjini tulifunga shule kwa majuma kadhaa. Tulipofungua, yule msichana hakuja. Nilikwenda Munigi mara mbili. Jirani aliniambia mjukuu alimponyoka bibi mkononi katika msongamano wa watu waliokuwa wakikimbia, na mpaka leo bibi anamtafuta. Siamini maneno ya bibi yule, naapa. Lakini naogopa.

Watoto wenyewe ndio walioomba mchezo. Wengine wote walikuwa wamerudi. Nikataja tano, bila kufikiri. Wakakimbia, vumbi jeusi la volkano likatimka, kisha wakasimama: makundi manane, yote yametimia. Ukutani hapakuwa na mtu.

"Mwalimu, leo imetoka juste!" walishangilia. "Hakuna reste!"

Niliwaambia wamekosea, warudie. Wakatazamana, kwa kuwa walijua hawakukosea. Halafu, kwa utiifu, wakaanza upya, kidole juu ya kila kichwa, moja, mbili, tatu, na mimi sikuwazuia, kwa sababu nilitaka wafike arobaini na moja.